Trifle ya Idi, bila sheri

Ramadhani ilipoanza nilimpelekea jirani yangu kaimati ndani ya bakuli langu la kioo, lile nililotoka nalo Mombasa nimelifunga kwa leso sandukuni. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Bakuli kimya. Kwetu chombo cha jirani hakikai hivyo, wala hakirudi kitupu. Nikaanza kuumia. Miaka minne tunaishi mlango kwa mlango hapa Birmingham, leo ananichukulia bakuli?

Na bado nilikuwa na kidonda cha Krismasi. Kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee, walileta trifle, kitamutamu chao cha tabaka za keki, jeli na kastadi, nikaikataa. Keki ya chini ilikuwa imeloweshwa sheri, yaani mvinyo, na jeli ilikuwa ya nguruwe. Mwenzangu mmoja akasema mbele ya watu, "Mnakuja kwetu, halafu chakula chetu mnakionea kinyaa." Sikumjibu. Nililia ndani ya basi. Nyinyi mnaojiandaa kuja, baridi mtaivalia koti, lakini maneno kama hayo mtalala nayo. Na msome nyuma ya pakiti: mkiona gelatine na hawakusema ni ya mnyama gani, irudisheni rafuni.

Asubuhi ya Idi kengele ikalia. Bibi wa watu, miaka themanini na mbili, kasimama na mkongojo, mkono wa pili kalikumbatia bakuli langu. Kwenye kioo niliziona tabaka zote: vidole vya keki vilivyolowa maji ya machungwa, embe ndani ya jeli, kastadi ya manjano, krimu, na lozi zilizokaangwa juu.

"Hakuna sheri, bab," akaniambia. Bab ndivyo wanavyoitana wenyeji wa hapa. "Na jeli ni ya mwani."

Agar-agar! Ile ile tunayogandishia faluda. Aliifuata kwa basi mpaka mtaa wa Sparkhill. Mara ya kwanza aliikoroga kwa maji ya moto kama jeli yao, isiyeyuke. Hakujua kwamba lazima ichemke. Mara ya pili aliizidisha, ikawa ngumu kama raba. Hii niliyoletewa ni ya tatu. Zote alizijaribia ndani ya bakuli langu, kwa sababu alitaka kuona tabaka zitakavyokaa humo. Na embe mbivu alinunua mbili, pauni 2 kila moja, kwa pensheni yake. Anayenunua embe ngowe soko la Kongowea msimu ukichanganya apige hesabu mwenyewe.

Nikamwingiza ndani, tukala pamoja. Akanihadithia kwamba kastadi ya unga, hii tuliyokuwa tukifuturu nayo kwa ndizi mbivu, ilizaliwa mji huu huu, mwaka 1837. Alfred Bird alikuwa mkemia, na mkewe hakuweza kula mayai. Akatumia unga wa mahindi ili naye apate kastadi mezani.

"Alimpikia mkewe kitu anachoweza kula," bibi akasema, huku ananiongezea kijiko cha pili.

Nilishindwa kumeza kwa muda. Wiki tatu zile nilikuwa nikimsema moyoni.

Bakuli nimeshaliosha. Agar-agar iko jikoni inachemka, nimetia iliki na arki. Ikiganda nampelekea faluda, ndani ya bakuli hilo hilo.