Samaki wa saluni ya shemeji hawakurogwa

Shemeji yangu ana saluni Sakina, kandokando ya barabara ya Namanga. Mwezi uliopita aliweka tangi la samaki la lita 120 mbele ya viti vya wateja: taa ya buluu, changarawe nyeupe, kasri la plastiki na samaki wa dhahabu kumi na wawili. Jamaa aliyemfungia alifika asubuhi na kila kitu kwenye pikapu. Mchana samaki walikuwa wanaogelea na picha ziko status. Wiki haijaisha, wakaanza kufa. Mmoja, halafu wawili, halafu ikawa kila akifungua mlango asubuhi anakuta mwingine kaelea tumbo juu.

"Shem, hawa wamerogwa," aliniambia kwenye simu. "Yule wa duka la jirani tangu nilete tangi hata salamu hatoi."

Nafuga samaki hapa Arusha miaka mingi na nimeshaitwa kwenye matangi ya watu wengi. Uchawi bado sijakutana nao. Ninachokuta mara nyingi ni tangi jipya lililojazwa samaki siku ileile, na mwenyewe kashamaliza hela kwenye dawa.

Shem naye alishaanza. Palikuwa na chupa ya dawa ya fangasi, na pakiti ya antibiotiki ya kuku aliyoshauriwa na mteja. Msichana wake wa kazi, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa amemwaga maji yote, akaosha changarawe, akaikamua sponji ya filta chini ya bomba mpaka ikawa kama imetoka dukani. Usiku uleule wakafa watatu. Mwingine alisema samaki wanasikia baridi, anunue hita.

Na kwa kuwa hii ni Arusha, wote walikubaliana kwamba kisa ni floridi, madini ya kwenye maji yanayotia meno rangi. Naelewa, sisi tumekua na meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu chini ya Meru kuna visima na chemchemi zinazopita hapo mbali sana, ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa. Lakini floridi ya kuua samaki ndani ya siku chache inahitaji kuwa nyingi kuliko hii ya bombani kwa mara nyingi. Samaki wangu mimi wanaishi kwenye maji hayahaya.

Kilichonipa jibu ni vichupa vya matone ya kupimia. Amonia: miligramu 4 kwa lita. Nitriti: sifuri. Nitrati: sifuri. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (7 ni katikati, juu ya hapo asidi ni pungufu): 8.2. Joto: nyuzi 19. Hizo sifuri mbili zilinisikitisha kuliko ile nne.

Amonia anaitoa samaki mwenyewe, sehemu kubwa kupitia matamvua anayopumulia, na chakula kisicholiwa kikioza kinaongeza. Kwenye tangi lililokomaa, sponji na changarawe vimejaa bakteria. Kundi moja linakula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili linakula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki anaivumilia, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu, damu inageuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Kupata bakteria wa kutosha huchukua kama wiki nne hadi sita, na maji yakiwa ya baridi kama haya ya Julai, zaidi. Kwa Shem hata kundi la kwanza lilikuwa halijaanza kazi. Lile dogo lililokuwa linajitahidi liliondoka na maji ya bomba yenye klorini, dawa ya kuua vijidudu, na ile antibiotiki ya kuku.

Sasa njoo kwenye pH, maana hapa ndipo ushauri mwingi wa watu wa nchi nyingine unapotuangusha. Amonia majini iko namna mbili na moja ndiyo kali. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana ile kali chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye 8.5 kama asilimia 15. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na yanatoka na bikaboneti ya kutosha, chumvi inayoiweka pH juu. Kwa hiyo mtu wa maji laini ya pH 7 na mtu wa Sakina wakipima amonia wakapata namba ileile, samaki wa Sakina ndiye yuko taabani. Kwa joto lile la 19, Shem alikuwa na takribani miligramu 0.2 za ile kali, wakati matamvua huanza kuungua hata ikiwa 0.05. Angesikiliza habari ya hita angewamaliza wote, kwa sababu joto linaongeza ile kali. Na samaki wa dhahabu baridi ya Arusha haimsumbui kabisa.

Limau au siki ya kushusha pH usitie. Bikaboneti inairudisha juu, na samaki anabaki anapandishwa na kushushwa.

Kuna jambo la saluni ambalo sikuwahi kulifikiria kabla. Pampu ya hewa ilikuwa nyuma ya kiti cha kupakia rangi ya nywele, na rangi nyingi zina amonia ndani yake. Harufu ya pale unaijua. Sikupima imechangia kiasi gani, nilivuta tu mpira na kuihamishia pampu barazani.

Tulichofanya hakina ufundi mkubwa. Robo tatu ya ndoo zake zilishapangwa kwa kazi za saluni, tukazikomboa mbili, zikawa za maji ya samaki peke yake: yanakingwa na kukaa wazi mpaka kesho yake klorini itoke, kisha robo ya tangi inabadilishwa kila siku. Dawa zote zikaenda kabatini. Chakula, kila baada ya siku moja, punje chache. Ukutani kuna karatasi, "USILISHE SAMAKI", kwa sababu kila mteja aliyekuwa anasubiri zamu alikuwa anarusha yake. Halafu nikakata kipande cha sponji chafu, ya kijani na kahawia, kutoka kwenye filta yangu nikakitumbukiza kwenye ya kwake. Ni kama kutia mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo. Msichana wake alikitazama kile kipande kwa kinyaa ambacho sijakisahau.

Nitriti ilipoanza kuonekana nilifurahi, Shem akashangaa nafurahia sumu. Maana yake kundi la kwanza limeamka. Tukatia chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa kila lita, kwa kuwa kloridi yake inaizuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Umeme ukikatika, kuna kipampu cha betri: tuko mita 1,400 juu ya bahari, maji yanashika oksijeni pungufu, na sponji isiyopitiwa na maji inaanza kufa.

Ingekuwa amri yangu, kwenye tangi lile wangekuwepo samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ziwa lao lina pH karibu 9. Wafugaji wa Ujerumani wanachanganya bikaboneti kwenye ndoo ili wapate maji ya namna hii ambayo sisi tunafungua bomba tu. Shem anasema hawang'ai.

Wamebaki watano. Amonia sasa ni sifuri, nitriti bado inasoma 0.5. Anataka kuongeza wengine Jumamosi kwa ajili ya bibi harusi anayekuja kusukwa. Nimemwambia vichupa vile anavyo na kusoma rangi anajua kuliko mimi, hiyo ndiyo kazi yake. Nitriti ikisoma sifuri wiki nzima, aongeze mmoja.