Mkonga wa zamani kwenye baridi ya Kanada: kwa ndugu wa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Kusini mlioko huku Alberta, Saskatchewan na Manitoba, na ninyi mnaojiandaa kuja, kila Novemba swali linarudi lile lile. Mtu kanunua Land Cruiser ya zamani iliyotoka Japani, tuseme HZJ77 yenye injini ya 1HZ, nduguye yule mkonga (Land Cruiser ya kazi) tuliozoea kuuona ukishusha magunia ya korosho kutoka Newala na Tandahimba. Kanada inaruhusu kuingiza gari la nje likishafikisha miaka 15, kwa hiyo kulipata si kazi. Baridi kali ya kwanza inafika, gari linakataa kuwaka, mwenye gari anampigia fundi wake wa Mtwara kwa video. Fundi anamwambia aangalie pampu ya dizeli na nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye injini. Kwa Mtwara yuko sahihi. Lakini huku, 1HZ ikigoma asubuhi ya nyuzi 28 chini ya sifuri, pampu na nozeli ziwe za mwisho kushikwa. Chuma cha injini ile hakina tatizo na baridi. Kinachosalimu amri ni umeme, mafuta, oili na mpira, na hivyo vyote ni rahisi kuliko pampu.

Anza na umeme. Land Cruiser nyingi za aina hii zilizouzwa Japani ni za volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Usipime jumla, pima kila betri peke yake baada ya gari kulala usiku mzima. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 iko nusu; ikifika 12.0 imekwisha. Ukikuta moja ina 12.6 na mwenzake 12.1, mara nyingi aliyekuwa na gari kabla yako alichukua umeme wa redio au chaja ya simu kwenye betri moja tu. Hiyo moja inanyonywa kila siku, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa kabla ya wakati. Ng'oa waya huo, weka kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12, kisha nunua betri mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Dukani soma namba ya nguvu ya kuwashia kwenye baridi: inapimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30, na ndiyo inayokuhusu. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya huku, ila iliyokwisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Ukiiona imevimba, usiichaji wala usiibusti (kuiongezea umeme kutoka gari jingine), maana inaweza kupasuka na kukumwagia tindikali usoni. Na usibusti gari la volti 24 kwa gari la jirani la volti 12. Fungua waya unaounganisha betri zako, chaji moja moja kwa chaja ya volti 12.

Betri zikiwa nzima na stata bado inajivuta, pima waya wa athi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na bloku ya injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, waya au mahali ulipofungwa pana kutu. Safisha mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Kisha hita plagi, vile vipasha joto vya umeme vinavyosaidia dizeli kuwaka, zipo 6. 1HZ inachoma mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya moto kuingia kwenye silinda, na kuta za chumba kile zikiwa za baridi zinanyonya joto lote la mgandamizo. Kwa joto la Lindi unaweza kuendesha miaka na hita plagi 2 zima usijue. Huku hata moja ikifa utasikia injini inatetemeka na kutoa moshi mweupe dakika za mwanzo. Fungua ule upapi wa chuma unaoziunganisha, weka mita kwenye omu, ipime kati ya ncha ya kila plagi na bloku. Zote 6 zisome kidogo na zikaribiane. Isiyosoma chochote imeungua. Kabla ya kununua, hakikisha volti. Plagi ya volti 12 kwenye mfumo wa 24 inaungua mara moja, na ya 24 kwenye mfumo wa 12 haipati joto la maana. Zifungue injini ikiwa ya moto, baada ya kupuliza dawa ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, kwa mkono mwepesi. Plagi ikikatikia ndani, kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kuvua silinda hedi.

Dizeli nayo ina nta. Baridi ikizidi, nta inaganda na kuziba filta. Dalili yake haifanani na ya pampu: gari linawaka vizuri, linatembea dakika chache, linapungua nguvu na kuzima. Vituo vya huku vinabadilisha dizeli kuwa ya baridi kufuata msimu, kwa hiyo hatari iko kwenye tangi uliloacha limejaa tangu Agosti, au dumu lililosahaulika gereji. Dawa ya kuzuia nta hutiwa kabla haijaganda, ikishaganda haisaidii. Likikufika, gari liingie mahali penye joto, badilisha filta, jaza filta mpya dizeli ya msimu wa baridi, piga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Petroli usitie hata kikombe. Mafuta ya taa ni kweli yanachelewesha nta, ila pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Wanaojua madhara ya dizeli iliyochakachuliwa kule nyumbani hawahitaji kuambiwa zaidi. Mwezi Oktoba fungua koki ya chini ya filta, toa maji yote, kwa sababu tone la maji pale chini likigeuka barafu linaziba njia vilevile.

Oili ya 15W-40 tunayoitumia nyumbani inapimwa uwezo wa kuachia injini izunguke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo haina ahadi. 5W inapimwa kwenye 30, 0W kwenye 35. Kwa mkonga wa Edmonton au Saskatoon weka 5W-40 au 0W-40 ya dizeli kuanzia Oktoba. Difu zipate 75W-90 ya daraja la GL-5. Giaboksi ya mkono ipewe GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zinakula shaba ya sinkronaiza.

Sasa maji ya rejeta, na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu ndipo injini nzima inapopotea. Gari nyingi za Kusini zinatembea na maji ya bomba, na thamostati (kifaa kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto) imetolewa na kutupwa ili injini isichemke kwenye mchanga wa Msimbati au kupanda kwenda Newala. Huku mambo yote mawili yanaua gari. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na bloku haina pa kutanukia. Changanya dawa ya kuzuia kuganda nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, mchanganyiko huo unavumilia mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa Manitoba weka dawa 60 kwa maji 40. Usidhani kwamba ukitia dawa tupu utapata zaidi: dawa hiyo ikiwa peke yake inaganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri, ni maji ndiyo yanayoipa nguvu. Kabla ya kuchanganya, suuza mfumo mzima pamoja na koki ya bloku, siyo rejeta pekee. Maji ya zamani yanayobaki ndani ya bloku na hita yanaharibu kipimo. Halafu pima kwa kile kifaa cha kuangalia kwa mwanga. Rangi haikwambii chochote.

Thamostati irudishwe. Isipokuwepo, injini haifiki joto lake. Utaona mshale umelala chini hata baada ya saa nzima barabarani, hita ya ndani inapuliza ubaridi, kioo kinaganda kwa ndani. Kibaya zaidi, dizeli isiyoungua vizuri inateleza kando ya pistoni na kushuka kwenye oili. Chomoa dipstiki: kiwango kikipanda badala ya kushuka na oili ikanuka dizeli, imwage. Weka thamostati ya kipimo cha Toyota chenye kitundu na kibanzi chake cha kutoa hewa, kibanzi kikae juu. Wengine wanafunika sehemu ya rejeta kwa kadibodi. Inasaidia, lakini angalia mshale, na iondoe baridi ikilegea.

Hita ya bloku ndiyo kifaa ambacho fundi wa nyumbani hajawahi kukishika. Ni koili inayokaa ndani ya maji ya injini na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba. Saa 3 au 4 kabla ya kuwasha zinatosha, kwa hiyo tumia saa ya kujiwasha usiache usiku kucha. Waya wa kurefusha uwe mnene na wa nje; mwembamba unapata moto. Na usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika moja ya kupasha. Ndani ya moshi ule kuna gesi ya kaboni monoksaidi, inayoua bila kunuka.

Eksel ya mbele inataka subira. Lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu lina sili ya nje ya mpira na kitambaa cha sufi vinavyolifuta kila unapokata kona. Theluji inajaa pale, inayeyuka, inaganda tena usiku. Asubuhi ukikata usukani kwa nguvu, barafu inachana mpira. Mita za mwanzo nenda taratibu, usukani ukiwa karibu na katikati. Sili ya ndani, ile inayozuia oili ya difu, inakufa kwa sababu nyingine. Kipumulio cha difu kikizibwa na tope au barafu, oili ikipata joto inasukuma na kutokea kwenye sili. Ndiyo maana mtu anabadilisha sili leo, wiki ijayo kunavuja tena. Ongeza mpira wa kipumulio mpaka juu chini ya boneti, ndipo ubadilishe sili.

Ukiifungua eksel hiyo, utahitaji soketi ya milimita 54 ya nati ya habu, seti kamili ya sili na gasketi ya kila upande, grisi ya molibdeni ya sivijointi (kiungio cha shafti kinachokunja kona), na beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) kama zina alama za kugongwa. Oili ya difu ikishachanganyika na grisi inakuwa uji mweusi; osha yote. Pitisha ukucha pale sili inapokaa kwenye shafti. Ukihisi mfereji, sili mpya haitazuia, badilisha shafti au sogeza sili kidogo. Ugumu wa kingipini unapimwa kwa mizani ya kuvuta, ile ile wanayopimia samaki, ukifuata kipimo cha kitabu cha gari lako.

Fanya kazi hiyo mahali penye joto. Plastiki ya miaka 30 kwenye baridi inavunjika ukiigusa, kwa hiyo kila soketi ya waya ipashe kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele. Bolti yenye kutu ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue, kwa soketi ya pembe 6. Ukirudisha paka grisi ya shaba.

Spea sasa. Ukienda kwa wakala wa Toyota huku na kumpa namba ya chesisi ya Japani, kompyuta yake haiitambui, kwani inataka tarakimu 17 na yako inaandikwa HZJ77 na namba fupi. Injini ya 1HZ haikuuzwa Kanada. Tafuta mwenyewe namba ya kipuri kwenye katalogi ya Japani, mpelekee namba tayari. Namba ya Toyota ina sehemu mbili: 5 za mwanzo ni aina ya kipuri, 5 za mwisho ni toleo. 04465 ni pedi za breki za mbele, 19850 ni hita plagi, 04434 ni seti ya sili na gasketi za eksel ya mbele. Za mwanzo zikifanana na za mwisho zikatofautiana, huenda siyo kipuri chako, hata kama muuzaji anasema kinaingia.

Na vipuri vya 1HZ vinapatikana kwa urahisi zaidi Gerezani, Kariakoo, kuliko Kanada nzima. Pampu ya maji, nozeli, gasketi ya silinda hedi, mkanda wa taiming, vyote viko, na fundi wako wa Mtwara anajua kutofautisha halisi na feki kwa macho. Mkanda usisubiri mpaka taa ya T-BELT iwake kama hujui ulibadilishwa lini. Mwombe ndugu anayekuja akubebee vilivyo vipya, ndani ya boksi, na risiti. Pampu au nozeli iliyotumika isiwekwe kwenye begi: ikinuka dizeli uwanja wa ndege wataizuia kama mzigo wa hatari, na begi zima litabaki nayo.