Siku moja maishani mwangu: nyuma ya kaunta ya duka la siga

Saa mbili asubuhi. Kabla hata sijafungua madirisha natazama haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, iliyo kwenye kabati la siga. Asilimia 68. Naridhika. Siga, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku isiyo na karatasi, hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Unyevu ukipungua jani la nje hupasuka, ukizidi siga huvimba, ikawaka upande mmoja, mwishowe ikaota ukungu. Kabati ni la mbao wanazoziita mwerezi wa Kihispania. Si mwerezi hata kidogo, ni mti wa ukoo mmoja na mkangazi.

Saa tatu. Natafuta vitundu. Kuna mdudu wa tumbaku ambaye mayai yake husafiri ndani ya majani bila kuonekana, na joto likipanda huanguliwa. Utamjua kwa kitundu kama cha pini. Nilimpuuza mara moja tu, akanilia masanduku mawili. Siku hizi mzigo ukifika hulala kwenye friza siku kadhaa, kisha friji siku moja ili usishtuke.

Saa nne mpaka saa sita, nimeuza kiberiti kimoja.

Saa saba mchana anaingia kijana, kifua mbele, sauti ameitia uzito. "Mna za Kuba?"

Swali hilo ndilo ngao ya mgeni. Huona asipoitaja Kuba atadharauliwa. Kweli, Vuelta Abajo, eneo la magharibi mwa Kuba, hutoa tumbaku yenye sifa isiyo na ubishi. Lakini baada ya mapinduzi ya 1959 mafundi wengi waliondoka Kuba na ujuzi wao, na leo Estelí kule Nikaragua, pamoja na Jamhuri ya Dominika, hutoa siga za kushindana nazo. Nikamuuliza tu kama anataka nyepesi, ya wastani au kali. Wapo watakaokwambia wanasikia ladha ya ngozi, kakao na udongo ulionyeshewa. Sibishani nao, ila mtu wa mara ya kwanza ukimwanzia huko umemfukuza.

"Nyepesi," akasema, na ile sauti nzito ikamwishia hapohapo.

Nikampa kikata. Mkono ulimtetemeka. "Kijana, unaona kimstari hapa kichwani? Hapo ndipo kikofia, kile kijani kinachoziba kichwa, kinapoishia. Kata juu yake, milimita mbili zinatosha. Ukivuka, jani litakufumukia mdomoni." Akakata, jani likatoa mlio mkavu na ufa ukashuka hadi kwenye lebo. Nikamwambia mkono wake mzito. Akaomba radhi, akalipa, akaiwasha hivyohivyo. Pafu la kwanza akalivuta hadi mapafuni, macho yakamtoka.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyekaa pembeni alisema, bila kuinua kichwa, "Mimi ya kwanza nilitapika. Usimeze moshi, mwanangu. Pafu moja kwa dakika, basi."

Saa kumi viti vyote vinne vimejaa, na hakuna viwili vinavyofanana. Mwalimu mstaafu husoma gazeti kwa sauti, wengine hubishana naye. Hajui kuwa anaendeleza kazi ya zamani: tangu 1865, katika viwanda vya Havana, wasokotaji walijichangia fedha zao kumlipa mtu wa kuwasomea wakiwa kazini. Huyu wetu hatumlipi, na kurasa za michezo anaziruka makusudi.

Saa kumi na mbili jioni mteja ananiuliza kama siga ni salama kuliko sigara, maadamu moshi haumezwi. Huwa siuzi uongo. Namwambia hapana, saratani ya mdomo, ya koo na ya umio haingoji moshi ufike mapafuni. Mimi mwenyewe navuta mbili kwa wiki, na hata hizo sijidanganyi. Akanunua moja. Akaikata vizuri kabisa, juu ya kimstari, mkono umetulia.

Ikapasuka.

Saa mbili usiku, duka tupu. Nachukua siga ya tatu, naibonyeza taratibu kwa vidole viwili karibu na sikio. Inalia kama jani la mgomba lililokauka. Haigromita bado inasema 68.

Basi naweka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, naidondoshea maji iwe kama uji mzito, naitia pamoja na haigromita kwenye mfuko na kuufunga kabisa. Hewa iliyo juu ya chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, kwa hiyo kufikia asubuhi kipimo kisicho na kasoro kitasoma 75. Kikisoma 82, basi kabati langu lina 61 tangu sijui lini, na yule kijana nina deni lake la siga moja na radhi juu.