Mkataba unaisha, roho haijakubali

Jamani, mkataba wangu wa kufundisha Kiswahili chuoni hapa Beijing unaisha mwezi wa saba na sitasaini tena, narudi nyumbani Arua, Uganda, mama amezeeka na dada peke yake hawezi kumpeleka hospitali na huku duka linamsubiri. Nimeshaamua. Lakini roho inakataa kabisa.

Makaratasi yanachosha, chuo lazima kifute kibali cha kazi kwanza, wakupe barua ya kuonyesha umemaliza vizuri, ndo uende kwa polisi wa uhamiaji kuhusu viza, na benki ukitaka kugeuza yuan ziwe dola wanataka mkataba na karatasi za kodi.

Kinachoniuma ni darasa. Kiswahili kinafundishwa vyuoni huku tangu miaka ya 1960 na hawa watoto wanakipenda kweli. Juzi msichana mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini na chupa yake ya maji moto, daftari limejaa ngeli kwa kalamu za rangi, M-WA nyekundu, KI-VI bluu, akaniuliza, "Mwalimu, sasa nani atanisahihishia insha?" Nikakosa la kusema.

Kazi nyumbani najua ipo, serikali ilipitisha 2022 Kiswahili kiwe lazima praimari na sekondari na walimu bado hawatoshi, nitaulizia Arua, nikikosa hata Koboko naenda. Huyo msichana nimemwambia anitumie insha kwa WeChat, huku Beijing wako mbele ya Uganda masaa 5, nikisahihisha jioni akiamka asubuhi anazikuta.