Sabufa yangu haikuwa mbovu

Nilinunua homu thieta ya mtumba, spika tano na sabufa moja, nikaipandisha kwa miguu mpaka nyumbani. Nimepanga Mabatini, Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako bajaji inakuacha barabarani halafu unamalizana mwenyewe na ngazi. Sabufa ndiyo iliyonitoa jasho. Kila nikiitua kupumzika najipa moyo: leo usiku nyumba itatikisika.

Haikutikisika. Nilishapita kwa kijana anayejaza muvi kwenye flashi, nikamwomba za vita na milipuko, akaniwekea nane, tatu zimetafsiriwa. Nikachomeka flashi kwenye TV, sauti nikaileta kwenye redio kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Mabomu yakalia kama mtu anapiga ndoo ya plastiki. Nikaweka kiganja kwenye sabufa: inatetemeka kwa mbali, kama simu iliyo mfukoni. Nikaanza kumlaani aliyeniuzia.

Kesho yake nikamfuata fundi redio ninayemwita mjomba. "Mjomba, nimeuziwa sabufa mfu."

"Umeunga kwa waya gani?"

Nilipomtajia akacheka. "Unateka maji kwa pakacha."

Kumbe mfumo kama wangu, spika tano na sabufa moja, unaitwa 5.1, na ile ".1" ni njia ya pekee ya ngurumo, kuanzia 120 Hz (mitetemo 120 kwa sekunde) kushuka chini. Muvi ikibanwa iwe ya njia mbili, mara nyingi njia hiyo inatupwa, haichanganywi na nyingine. Hata ningekuwa na muvi iliyokamilika, waya zangu mbili zinabeba kushoto na kulia tu. (Watafsiri wetu nawapenda, nimekua nao, lakini kupima besi kwa muvi ambayo mtu anaongea juu ya mlipuko ni kujidhulumu.) Homu thieta yangu ilikuwa na mlango wake wa DVD ambao niliuona kama urembo. Mjomba akaniazima DVD halisi ya Jurassic Park, ile muvi ya dinosaria ya mwaka 1993, akaniambia TV niiachie picha peke yake.

Usiku ule nikaweka glasi ya maji juu ya sabufa, nikasubiri pale mnyama anapokuja kwenye mvua na maji yanachora duara ndani ya glasi. Hatua ya kwanza, dirisha la aluminiamu likalia *trrr*. Ya pili, vifuniko vya masufuria kabatini vikaitikia. Maji yangu hayakuchora duara, yalirukaruka ovyo yakamwagikia zulia. Baadaye ndio nikajua kwamba hata waliotengeneza muvi ile walifunga uzi wa gitaa chini ya dashibodi ya gari, wakauchezesha kwa kidole.

Ila kitu kimoja kilinikera. Nikiwa kwenye kiti changu katikati ya sebule, hatua zilikuwa na sauti lakini hazina uzito. Nikienda ukutani kuchukua rimoti, zinanigonga kifuani. Nikapakua programu ya simu inayotoa mlio mmoja mmoja. Nilipofika 40 Hz, katikati pakawa karibu kimya. Ukutani, ngurumo tupu. Nikapima chumba: mita 4.3. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6 hivi, mara mbili ya chumba changu, kwa hiyo linajaa kwenye kuta na kufa katikati, palepale nilipoweka kiti kwa heshima zote.

Kiti nikakirudisha nyuma, karibu na ukuta. Sabufa nayo nikaitafutia mahali kwa mtindo niliowahi kuusikia: unaiweka pale unapokaa wewe, halafu unatambaa chini ukisikiliza ni wapi besi imenyooka. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya gunia la mchele, sikio karibu na sakafu, binti yangu akauliza, "Baba, umedondosha nini?" Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Gunia likahama, sabufa ikakaa, nikapunguza sauti yake karibu nusu, na bado ilikuwa nzito kuliko mwanzo.

Saa tatu usiku tunairudia ile sehemu, mlango ukagongwa. Mama wa nyumba ya chini, kanga begani, tochi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jiwe limeporomoka wapi?"

Hakuwa na utani. Huku kwetu mtu akisikia mtikisiko usiku, anawaza mawe kwanza. Nikamkaribisha, nikamwonyesha, akatazama yule mnyama hadi mwisho wa mvua, akaondoka akitikisa kichwa. Asubuhi nikakata ndala kuukuu vipande vinne, nikavibandika chini ya sabufa, na baada ya saa mbili usiku naishusha sauti.

Wiki iliyofuata tukakutana kwenye ngazi. "Yule mnyama wako kahama?"

"Yupo, mama. Nimemvalisha ndala."