Nimetupa malkia wawili usiku huu

Wakuu, ndo natoka Ngamiani sasa hivi, kwa mshkaji tunakochezea poka, meza ya keshi, blaindi (dau la lazima ambalo wawili wanaweka kwa zamu kabla ya karata) 500 kwa 1,000, hela ndogondogo tu.

Nikapewa malkia wawili. Kopa na shupaza. We acha.

Nikapandisha 4,000, kijana wa pembeni akaongeza hadi 12,000, sawa, huyo anaongezaga hata na takataka, halafu yule mzee wetu ambaye usiku kucha anatupa karata tu hapandishi kitu, akasukuma chipsi zote. 100,000.

Wala hakuangalia chipsi zake. Alifunika kikombe cha kahawa.

Hicho ndo kilinimaliza jamani. Mtu anakunywa kahawa tangu isha bila kujali nani kashinda, leo kafunika kikombe, tena taratibu, ili isipoe!

Nikapiga hesabu. Akiwa na ree mbili au wafalme wawili nashinda kama mara 1 kati ya 5 tu, na mzee wa aina ile asukume zote na kitu gani kingine? Ingekuwa mashindano blaindi zinapanda unabanwa, ila keshi blaindi ziko palepale, mzunguko mzima unanila 1,500, nina haraka gani?

Nikatupa. Kijana naye katupa. Nikamwambia mzee nionyeshe basi hata moja, akacheka, "Ungelipa ungeona, mwanangu."

Nyie mngetupa? Maana angekuwa yule kijana kasukuma, ningemlipa kabla hajatoa mkono mezani.