Mafuta ya Kwenda Makete

Hela ya korosho kwetu Mtwara huanza kuonekana mwezi wa Kumi. Ukimwomba baba pesa ya zawadi mwezi wa Tano, atakutazama kama uliyemwomba embe za Juni. Mwaka 2012 tulikuwa tumemaliza mitihani ya ualimu, na wenzangu watatu wa bwenini walikuwa wanafungasha kurudi kwao. Sikutaka waondoke mikono mitupu. Nikapanda daladala hadi Mikindani, kwa shangazi.

Shangazi alikuwa fundi wa kusinga maharusi, yaani kuwasugua miili kwa vitu vya kunukia. Nilipomaliza kumweleza shida yangu, hakuniuliza nina shilingi ngapi.

"Hao wenzio, ngozi zao zikoje?"

Nikabaki namtazama.

"Umelala nao chumba kimoja muda wote huo, hujui nani anapasuka visigino?"

Nilijua, kumbe. Wa Dodoma visigino vilimpasuka hata akikaa mkekani huficha miguu ndani ya kanga. Wa Tanga alikuwa na chunusi, tena moshi wa udi ukimfikia tu kifua kinambana. Wa tatu kwao Makete, kule kwenye baridi ya umande kuganda majanini, na midomo yake ilikauka hata kwenye joto letu hili.

Tukakuna nazi mpaka mabega yakauma. Tui likalala usiku, asubuhi tukaengua ule utando mzito wa juu na kuubandika jikoni kwa moto wa makaa machache. Kazi yenyewe ni ya kusikiliza: maji yakiwa bado yamo, sufuria hupiga kelele, kelele ikipungua na mashapo yakianza kuwa ya kahawia, uepue upesi, la sivyo mafuta yatanuka moshi. Tukachuja kwa kitambaa cha khanga kuukuu, tukajaza vichupa vilivyokuwa vya jamu. Shangazi alikuwa navyo kabati zima, hajawahi kutupa hata kimoja.

Wa Dodoma alikuwa mwepesi. Chumvi ya mabonge, hii inayopatikana kwa kukausha maji ya bahari, tuliitwanga kidogo, tukaichanganya na mafuta ya nazi na unga wa karafuu kiasi cha kunukia tu. Ya kusugulia miguu. Maagizo mawili: usichote kwa mkono wenye maji, na usipake penye kidonda, utaruka. Wa Tanga shangazi alimkatalia mafuta usoni kabisa. Alimsagia liwa, ule mti wa kunukia, jiweni, akaianika ikakauka, ili awe anaikoroga mwenyewe na maji kila anapoitaka. Udi haukutajwa.

Nikadhani tumemaliza, kwa sababu cha Makete nilikuwa nimeshakijaza mafuta ya nazi. Usiku ule kusi, upepo wa kusini, ilivuma, na asubuhi tukakuta vichupa vyote vimeganda, vyeupe pee. Shangazi akakiinua kile cha Makete, akakigeuza chini juu. Hakikudondosha kitu.

"Yakiganda hapa Mikindani, huko kwao atayakata kwa shoka."

Akanituma sokoni nikatafute mafuta ya ufuta, yaliyokamuliwa bila ufuta kukaangwa, maana ule wa kukaanga hunukia chakula. Hayo hubaki maji hata kwenye baridi. Chupa moja ikawa ya mwili. Mengine tukayatia kwenye bakuli pamoja na kipande cha nta ya nyuki, bakuli tukaliweka juu ya sufuria ya maji ya moto. Nta haibandikwi motoni moja kwa moja, inaweza kuwaka. Kila mara shangazi alidondosha tone kwenye sahani baridi, analigusa, anaongeza nta kidogo. Nilimwona mtu wa mbwembwe zisizo na sababu, mpaka nilipopaka mdomoni. Kopo dogo lile nilitamani kulificha.

Mwezi wa Saba simu ikaja kutoka Makete. Mafuta ya mwili yalikuwa yameisha. Mama yake alikuwa anayapaka kwa siri, na sasa anataka kujua yanauzwa bei gani. Nikampelekea shangazi salamu nikidhani atafurahi.

"Nimesikia," akasema. "Na chupa yangu anairudisha lini?"